Ekstensheni yenye swichi kila tundu: yafaa nyuma ya tivi, haifai jikoni

Tivi ikizimwa kwa rimoti na kitaa chekundu kikabaki, mita ya tokeni haijalala. Dawa inayouzwa kwenye maduka ya stima Mombasa ni ekstensheni ya matundu manne, kila tundu na swichi yake na taa yake. Tumeipima moja.

Kwanza swali la haki: ya nini, na soketi zetu za ukutani tayari zina swichi? Kama kila chombo kina soketi yake, bonyeza ukutani na pesa zako kaa nazo. Taabu iko kwenye pembe ya tivi: soketi moja, tena nyuma ya kabati, nayo inalisha tivi, dekoda, wufa na ruta. Ukizima ukutani, intaneti nayo inakatika. Hapo ndipo ekstensheni hii ina kazi.

Kwa mita ya wati ya kuchomeka, vyombo vikiwa "vimezimwa", tivi ya LED ilisoma wati 0.5, dekoda ya dishi 9, wufa 6. Chaja ya simu isiyo na simu haikufika hata nusu wati, ingawa ndiyo inayolaumiwa na kila mtu. Dekoda ya dishi hulala macho wazi: huendelea kusikiliza setilaiti na kukipelekea stima kile kichwa cha dishi huko juu. Wufa nyingi za bei rahisi zina transfoma ya chuma, na kitufe cha kuzimia kiko upande wa pili wake, stima inapotokea, kwa hivyo koili ya kwanza, inapoingilia, ina stima usiku kucha. Iguse kwa nyuma alfajiri. Ikiwa na uvuguvugu, umeshapata jibu bila mita.

Dekoda na wufa pamoja ni wati 15. Zikikatwa saa 18 kwa siku, ni wati-saa 270, yaani yuniti 8.1 kwa siku 30 (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Chukua tokeni yako ya mwisho, gawanya hela kwa yuniti ulizopata, kisha zidisha kwa nane: ndio uokozi wako wa mwezi. Kama nyumba yako inachezea mpaka wa yuniti 100 kwa mwezi, nane hizo zina uzito zaidi, kwa kuwa ukivuka hapo unahamia daraja la bei ya juu.

Sasa kasoro. Plagi ya sampuli hii ina fyuzi ya ampea 13, lakini waya wake umeandikwa 3 x 1.0 mm², ambao ni wa ampea 10. Ukizidishiwa mzigo, waya unaweza kupata joto la hatari kabla fyuzi haijakatika. Badilisha fyuzi, weka ya ampea 10 au chini; kwa pembe ya tivi hata 5 inatosha. Wa ampea 13 huandikwa 1.25 mm². Ukikuta 0.75, ni ampea 6 tu, na ukiuviringa nyuma ya kabati unazidi kupata joto.

Jambo la pili ni swichi inakata waya gani. Chomoa kila kitu, weka multimita (kipimo cha stima cha mkononi) kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye mguu wa L (waya wa moto) wa plagi, nyingine kwenye tundu la L. Ukizima swichi, mlio lazima ukatike. Ukikatika upande wa N (nyutro) pekee, irudishe dukani: chombo kitaonekana kimezimika na huku kina stima ndani. Sampuli hii ilipita. Matundu mengi yenye vifuniko hufunguka ukisukuma kijiti cha plastiki kwenye tundu la ethi.

Vile vitaa vya swichi navyo hula, lakini ni chini ya nusu wati kila kimoja, na huwaka tu swichi ya tundu ikiwa imewashwa. Kinachoua ekstensheni hizi pwani ni chumvi. Shaba ya ndani hushika kutu ya kijani, plagi inalegea, na hapo cheche na harufu ya plastiki huanza. Usiiweke sakafuni karibu na dirisha la upande wa bahari, na tundu lililobadilika rangi lisitumike tena.

Friji, birika na pasi zisiguse hapa. Printa ya wino izimwe kwanza kwa kitufe chake, vichwa vijifunike, la sivyo wino unakaukia humo. Tivi ya OLED iachie dakika kadhaa baada ya rimoti, maana hujisafisha skrini. Dekoda nayo itachukua dakika chache kuamka, na kipindi ulichokipangia kurekodi usiku hakitarekodiwa.

Andika kila tundu kwa kalamu ya wino mzito, swichi zote ni sura moja. Ruta iweke ya mwisho, mbali na mkono wa watoto.