Tathmini ya kozi ya sauti: Je, Mungu anaweza kuteseka?

Kozi hii ya mihadhara ya sauti, iliyotayarishwa kwa wapenzi wa teolojia wasio wataalamu, inashughulikia swali lililowasumbua Wakristo tangu karne ya 2: ikiwa Mungu habadiliki wala hapatwi na maumivu, ni nani basi aliyeteswa msalabani? Ninaipendekeza, ingawa kwa masharti.

Sehemu iliyo bora kupita zote ni ile ya ugomvi kati ya maaskofu Cyril wa Aleksandria na Nestorius wa Konstantinopoli, uliofikishwa mbele ya Mtaguso wa Efeso mwaka 431. Mhadhiri haanzi na fitina za maaskofu, ambazo zilikuwa nyingi, bali na hoja yenyewe. Nestorius alipinga Maria aitwe Mama wa Mungu bila ufafanuzi, kwa kuwa aliona kwamba kuzaliwa, kulia na kufa ni mambo ya ubinadamu, na kwamba kumbebesha Neno wa milele, yaani Mwana wa Mungu, mambo hayo ni kumshusha awe sawa na viumbe. Cyril naye hakudai hata kidogo kwamba Uungu huumia. Alichoshikilia ni kwamba aliyeteseka katika mwili ni Neno mwenyewe, wala si mtu mwingine aliyeunganishwa naye kwa heshima tu, maana kifo cha mtu wa namna hiyo kisingeweza kuuokoa ulimwengu. Ndiyo maana aliweza kusema kwamba Neno aliteseka pasipo kuteseka, kauli ambayo wapinzani wake waliiona ni upuuzi, na ambayo mhadhiri anaifafanua kwa subira ya kupigiwa mfano.

Karne mbili za awali hazikutendewa haki hiyo. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, alimshtaki Praxeas, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni yule yule mmoja, kwamba amemsulubisha Baba. Mhadhiri anairudia kejeli hiyo, anacheka, kisha anapita. Hatuambiwi kwamba Praxeas na Noetus wa Smirna, aliyefundisha kama yeye, walikuwa wakiulinda umoja wa Mungu, wala kwamba mafundisho yao tunayajua hasa kupitia kalamu za maadui zao. Kasoro kubwa zaidi ni kumwacha Origen, mwanateolojia wa Aleksandria wa karne ya 3, ambaye katika hotuba yake juu ya Ezekieli alisema kwamba hata Baba mwenyewe anayo mateso ya upendo. Nashuku aliachwa kwa sababu anaharibu dai linalorudiwa katika kozi nzima, kwamba Mababa wa Kanisa walimeza falsafa ya Kigiriki, pamoja na wazo lake la Mungu asiyeumia, bila kuitafuna. Ignatius, askofu wa Antiokia aliyewaandikia Warumi juu ya mateso ya Mungu wake, angelitikisa dai hilo vilevile.

Kozi inaishia kwenye Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, uliotamka kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, kana kwamba swali lilifungwa hapo. Mwaka 519 watawa wa Skitia walikuwa bado wakiishawishi Roma ikubali kwamba mmoja wa Utatu aliteseka katika mwili, na ni Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 uliowalaani wasiokiri kwamba aliyesulubiwa katika mwili ni Mungu wa kweli na mmoja wa Utatu Mtakatifu.

Sauti imerekodiwa vizuri, lakini hakuna nakala ya maandishi, kwa hiyo msikilizaji asiyeweza bado kumtofautisha Theodore wa Mopsuestia na Theodoret wa Kiro aketi na kalamu mkononi.