Pete nzuri, lakini ile kadi ya "almasi isiyo na damu"?

Pete ya uchumba nimenunua kwa sonara mmoja hapa Posta, Dar. Kazi ya mkono safi kabisa: vijino vinne vimelishika jiwe barabara, na saizi walinirekebishia bure. Kilichoniuma ni kadi waliyonipa ya "almasi isiyo na damu", yaani almasi ambayo fedha zake hazikugharimia vita. Nikamuuliza dada wa kaunta, "Limechimbwa wapi? Mwadui?" Akanionyesha tena kadi ileile. Jamani, cheti cha kimataifa cha kuthibitisha hilo, kile cha Kimberley kilichoanza 2003, husafiri na shehena ya mawe ghafi, si na jiwe lililokwisha kukatwa. Tena kinazuia almasi zinazofadhili vita vya waasi tu. Kule Marange, Zimbabwe, mwaka 2008, waliowaua wachimbaji walikuwa askari wa serikali, na baadaye almasi za huko zikaruhusiwa kuuzwa. Pete naipenda sana. Kadi nimewarudishia.