Drili za betri za bei nafuu: ipi inafaa kwa nyumba za Unguja na Pemba

Ukipita Darajani utaziona ndani ya masanduku ya plastiki, rangi zinawaka: drili, betri mbili, chaja na rundo la biti. Zinafaa? Baadhi tu. Mota ya bei rahisi hustahimili kazi za nyumbani miaka kadhaa. Betri mbovu haifiki Ramadhani ya pili. Kwa hiyo kagua betri kwanza, drili baadaye.

Namba moja kwangu ni drili ya volti 20 ya aina ambayo betri zake huuzwa peke yake, mfano Ingco au Total. Betri hiyohiyo utaipachika kwenye grainda au msumeno wa kampuni ile ile. Usitishwe na Makita au Bosch kuandika 18: ndani mna seli tano za volti 3.6, jumla 18, na 20 ni kipimo cha betri ikiwa imejaa. Betri ya Ah 2 (Ah, ampea-saa, ni kipimo cha chaji inayobebwa) inatosha kabati, bawaba na pazia. Mlango wa mvule toboa kwanza kwa biti nyembamba, ndipo utie skrubu, la sivyo utaivunja kichwa.

Ukuta ni habari nyingine. Tofali la saruji litatoboka kwa biti ya milimita 6 ukiwasha nyundo, yaani hali ya drili kugonga huku ikizunguka. Linta ya zege itakula betri na biti, nawe utabaki na kishimo cha kupandia mchicha. Na nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, zima nyundo kabisa: mtikisiko unamomonyoa chokaa, tundu linapanuka, fisha, ile plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, inacheza.

Namba mbili ni drili ya waya. Kama una ukuta mwingi wa kutoboa na soketi ipo karibu, ndiyo itakayokupa nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Ila waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika takriban miezi mitatu, wanajua kwa nini mafundi wa majahazi hawakuitupa keekee ya upinde, inayozungushwa kwa mkono.

Ya tatu, volti 12. Nyepesi, nzuri kwa fanicha na skrubu ndogo, basi.

Mtumba wa jina kubwa nauweka nne. Mashine huwa nzima, betri imekufa, na betri mpya halisi huweza kukaribia bei ya drili nzima ya namba moja.

Mkiani ni zile zilizoandikwa 48V, 88V na kuendelea. Kupata volti 48 unahitaji seli 13 hivi. Ndani ya kibetri cha kujaa kiganjani zitakaa wapi? Nilinunua moja, kwenye skrubu ya nne ya bawaba drili ikaanza kufuka moshi. Mwenye duka akanijibu, “Sheikh, hiyo ya pazia, si ya mlango.”

Nenda dukani na kipande cha mbao na skrubu mbili ndefu. Bonyeza kitufe kidogokidogo: iende polepole bila kushtuka. Funga biti, izungushe, itazame ncha; ikiyumba, rudisha. Kisha zamisha skrubu zote mbili hapohapo mezani. Muuzaji akikataa, duka la pili halipo mbali.