Vilima sina shida navyo, shida yangu ni yule jamaa wa kilomita ya 24

Naandika hapa bado nina hasira, mapaja yameshapoa siku nyingi lakini roho haijapoa, kwahiyo mnivumilie nikirudia rudia. Tulienda watu tisa wa klabu yetu kwenye mbio za barabara za vijijini, kilomita 30, vilima mwanzo mwisho. Sirudi. Na kama kwenye kundi lenu kuna mtu wa mwendo wa polepole msimpeleke pale, watamdhalilisha mbele za watu.

Sisi tulijipanga vizuri kabisa. Wenye kasi zao wanne wakatangulia, watano tukabaki nyuma, akiwemo mama mmoja ambaye ndiye mkubwa wetu klabuni, kila mtu anamwita Mama tu. Ana miaka zaidi ya sitini, kafanya mazoezi miezi na miezi, alfajiri kabla sisi wengine hatujaamka. Mpango ulikuwa kilima tunakipanda kwa nguvu ileile ya tambarare, siyo kwa kasi ileile, hatua fupi fupi, macho mita chache mbele, ukiona huwezi tena kuongea sentensi nzima unatembea, hakuna aibu. Maana kilima ukipigana nacho mwanzoni kinakuja kukudai baadaye, na muda unaoupoteza kupanda huurudishi wote kwenye kushuka. Watu wanadhani kushuka ndiyo mapumziko, kumbe pale mapaja ndiyo breki yako, msuli unavutwa huku unakaza, ndiyo maana kesho yake na keshokutwa unashuka ngazi kinyumenyume.

Basi Mama akaenda vizuri ajabu. Vilima vitatu vya kwanza hakulalamika hata kimoja, na sisi tunabadilishana kukaa mbele yake kumkinga upepo.

Sasa njooni kilomita ya 24. Ukifika pale kuna kilima cha mwisho, halafu ni mteremko karibu mpaka mwisho. Kituo cha maji cha nyuma tumekiacha kwenye 19, koo kavu, jua limeshapanda, tunakiona kituo kingine mbele tunafurahi. Tunafika, meza inakunjwa! Chupa zinarudishwa kwenye gari na sisi tumesimama palepale tunaangalia. Jamaa mmoja ana filimbi shingoni akamnyooshea Mama kidole, hata shikamoo hakuna, akamwambia, "Wewe panda gari, muda wako umeisha, hapa siyo mahali pa matembezi." Wewe! Kwa mtu wa umri wa mama yake.

Nikamwambia kaka, subiri, angalia saa. Kanuni walizotupa wenyewe wakati wa kujiandikisha zinasema pale unatakiwa upite ndani ya masaa 3 na dakika 12, na muda unahesabiwa tangu chipu yako, kile kifaa kidogo cha kupimia muda unachobeba, ivuke mkeka wa kuanzia, ule wa kwenye mstari unaoisoma. Barabara ya kuanzia ni nyembamba, sisi wa nyuma tulivuka mkeka dakika 6 nzima baada ya bastola ya kuanzisha mbio. Saa ya bastola ilikuwa inasoma 3:15, ya kwetu 3:09. Tulikuwa ndani! Jamaa hataki kusikia. Akanyoosha mkono akaivuta namba kifuani kwa Mama, pini ikachana jezi ya klabu. Mama hakusema neno. Alishika tu pale palipochanika.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia kanuni za kimataifa za riadha zinahesabu muda rasmi kuanzia bastola. Ni kweli, silikatai hilo. Hata mbio za Comrades kule Afrika Kusini, karibu kilomita 90, kwa miaka mingi wamehesabu masaa 12 tangu bastola na njiani kuna vituo vya kukatwa muda, ukifika umechelewa unatolewa, watu wanalia pale lakini wanakubali kwa sababu walijua tangu mwanzo. Basi na nyie waandaaji kama mnahesabu bastola andikeni bastola. Kanuni hizohizo za kimataifa zinasema vituo vya maji viwe kila kilomita 5 hivi, mbona hilo hamkulifuata kwa sisi wa nyuma? Aliyeshinda alishamaliza zamani, hajakaa juani hata nusu ya muda aliokaa Mama, halafu yeye ndiye alikuta meza zimejaa. Anayehitaji maji zaidi ndiye anakunjiwa meza, hili linaniuma kuliko hata ile namba.

Gari hatukupanda. Tulihamia pembeni kabisa ya barabara, mwenzetu mmoja alikuwa na nusu chupa tukagawana, Mama akanywa wa kwanza. Kile kilima tulikipanda kwa kutembea, mikono kwenye mapaja, hakuna anayeongea. Halafu kule juu, jamani, siwezi kusema uongo, ile njia ni nzuri. Bonde lote liko chini yako, barabara inajikunja mpaka inakupotea machoni, upepo unakupiga usoni, na Mama akaanza kukimbia. Kukimbia kweli! Mimi nilikuwa namfuata. Wale wanne waliotangulia walikuwa wameshamaliza lakini walirudi kilomita nzima kutupokea na medali zao shingoni.

Akavuka mstari saa yangu inasoma 3:58 tangu mkeka, kwahiyo hata yale masaa 4 yao ya kumaliza mbio nzima hakuyazidi, pamoja na dakika zote tulizobishana. Binti mmoja wa kujitolea pale mwisho akamwona hana namba, hakuuliza kitu, akamvisha medali na kumkumbatia. Kwa ajili ya huyo binti nilitaka kuandika mbio ni nzuri, mtu mmoja tu ndiye mbaya. Nilishaanza kuandika hivyo kabisa.

Halafu matokeo yakatoka. Mbele ya jina la Mama wameandika hakumaliza. Tumewaandikia waandaaji tumeambatanisha na zile kanuni zao wenyewe, mpaka leo kimya. Hapana. Sirudi, na hela yangu hawapati tena.

Shida ni kwamba Mama mwenyewe juzi kwenye mazoezi kaandika jina lake kabla ya wote kwenye orodha ya watakaokwenda tena. Ile jezi kaishona kwa uzi wa rangi nyingine, panaonekana. Nimemuuliza Mama una uhakika, akasema kile kilima cha mwisho safari hii anataka kukipanda bila kutembea. Sasa nani atakaa mbele yake kumkinga upepo? Haya, nitakwenda. Ila zile kanuni naziprinti, nazibeba mfukoni, na maji ya Mama nabeba mwenyewe kuanzia kilomita ya kwanza.