Kibanda cha kuweka nyimbo Majengo: huduma safi, malipo kwa asiyestahili

Kwa anayetaka nyimbo nyingi kwa haraka, kibanda kimoja cha kuweka nyimbo jirani na Soko la Majengo, hapa jijini Dodoma, kinatoa huduma ambayo ni vigumu kuilalamikia. Mteja hukabidhi flashi au memori kadi yake kwa kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, na kabla hajamaliza kuchagua kati ya bongo fleva, taarabu, singeli na kwaya, kijana amekwisha kuisafisha virusi. Muziki wa Kigogo, ule wa ala za asili kama zeze na ilimba, umetengewa folda yake, jambo linalopendeza. Kujaza kadi ya GB 8 ni Sh 3,000.

Sauti ndiyo hafifu. Faili nyingi zina takribani MB 1 kwa kila dakika, yaani zimebanwa mno, na kwenye spika kubwa kayamba husikika kama mchanga unaomwagwa. Tena nyimbo za Kigogo zimeandikwa "Gogo 1", "Gogo 2" na kuendelea, bila jina la mwimbaji wala kikundi, hata anayetaka kumlipa mwenye kazi hana pa kuanzia.

Wateja wengi hujitetea kwamba wanachukua ili wasikilize kwanza, kisha wakipenda watanunua. Utetezi huo una uzito kiasi kwa anayepakua bure akiwa nyumbani, maana hajampa mtu yeyote pesa na uamuzi wa kununua bado uko mbele yake. Kibandani hausimami: mteja amekwisha kulipa, na aliyelipwa si mwanamuziki, si mtunzi, wala si studio. Akishatoa Sh 3,000 hujiona amemaliza deni, kwa hiyo ile siku ya kununua haifiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu kunakili na kusambaza. Ukutani hapa nimeona leseni ya biashara tu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hedifoni zipo mezani, na mteja akiomba huchezewa wimbo mzima palepale, kwa hiyo kusikiliza kwanza kunawezekana bila kuondoka na nakala. Mwenye bando anaweza pia kusikiliza kwenye Boomplay, au kupakua kutoka Mdundo, ambazo ni huduma za muziki mtandaoni; kwenye Mdundo wimbo ni bure ila huchomekewa tangazo, na mwanamuziki hupata mgawo wa mapato ya matangazo hayo. Tangazo hukera, lakini angalau lina faida kwa aliyeimba.

Ninakipa nyota 2 kati ya 5, zote mbili kwa usafi wa flashi na upole wa kijana. Nilimshauri aandike majina ya vikundi kwenye ile folda ya Kigogo. Akajibu kwamba aliinunua kompyuta ikiwa mtumba, na folda hiyo aliikuta humo.