Kuiga Binadamu au Kujaribu Mwenyewe: Njia Mbili za Kumfunza Wakala Huru wa Kompyuta

Wakala, yaani programu inayojiamulia hatua za kuchukua, anayejifunza kwa kuiga binadamu hupata ustadi wa awali upesi, lakini kosa dogo likimtoa kwenye hali alizowahi kuonyeshwa, makosa hurundikana, kwa kuwa hakufunzwa namna ya kurudi njiani. Anayejifunza kwa tuzo na adhabu hugundua hata mbinu ambazo mwalimu hakuzijua, ingawa huhitaji majaribio mengi mno, jambo ambalo kwa roboti halisi ni ghali na la hatari.

AlphaGo, programu ya kucheza mchezo wa ubao uitwao Go, iliyomshinda bingwa Lee Sedol mwaka 2016 kwa michezo 4 kwa 1, iliziunganisha njia hizi mbili: ilianza na michezo ya binadamu, kisha ikacheza dhidi ya nafsi yake. Toleo lililofuata, AlphaGo Zero ya mwaka 2017, iliacha kuiga kabisa, ikawa bora zaidi. Lakini Go ina kanuni zinazojulikana kikamilifu. Kwa gari linalojiendesha, ambalo barabarani hukutana na mambo yasiyotabirika na kosa lake ni la hatari, ningeanza na kuiga.