Dell OptiPlex 7010 ya mtumba: mashine nzuri inayosingiziwa kujizima

Kwa steshenari au ofisi ndogo ya Mbeya inayochapa na kuskani kutwa nzima, OptiPlex 7010 ya mtumba bado ni mashine ya kununua. Hapa inazungumziwa ile ya 2012 yenye prosesa za Core za kizazi cha tatu, si ile ya 2023 yenye jina hilohilo. Lawama inayoiandama ni kujizima ghafla, na mara nyingi chanzo ni vumbi, pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) iliyochoka au umeme wa dukani. Madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ishukiwe mwisho.

Chukua yenye kasha kubwa la kusimama. Pawa saplai yake ya wati 275 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo ikifa unafunga pawa saplai yoyote nzuri ya ATX, aina ya kawaida ya madukani. Ile nyembamba ina ya wati 240 yenye umbo lake peke yake, na kuipata nje ya Dar es Salaam ni kazi.

Ikianza kujizima, usikimbilie bisibisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr ili kufungua kumbukumbu za matukio ya Windows, ingia Windows Logs, kisha System, uangalie safu ya Event ID. Namba 1074 inaonyesha kwamba mtumiaji, programu au Windows yenyewe ndiyo iliyoamuru kuzima, kwa mfano kwa ajili ya masasisho. Hapo hakuna kifaa kibovu. Namba 41 maana yake ilizimika bila utaratibu. Fungua maelezo yake usome BugcheckCode. Ikiwa 0, anza na umeme na joto. Ikiwa namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu: kagua RAM, diski na madraiva.

Joto ndilo linalodharauliwa kuliko yote huku Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa hewa yenyewe ni ya baridi. Baridi ya Juni haisaidii chochote kama vumbi la kiangazi limeziba mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa. Dalili yake haijifichi: mashine inazimika ikiwa na kazi nzito, na ukiiwasha papo hapo inazimika mapema zaidi. Weka HWMonitor, programu inayoonyesha joto la prosesa, uangalie. Chini ya nyuzi 80 wakati wa kazi hakuna shida. Ikikaribia 100, prosesa inapunguza kasi, na joto likizidi kupanda inazima kujikinga.

Kusafisha kwenyewe si kugumu. Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa mashine nje. Zuia feni kwa kidole kabla ya kupuliza kwa blowa. Ikizungushwa kwa nguvu, beringi zake zinaumia. Legeza skrubu nne za hitisinki kwa mshazari, kidogo kidogo, uizungushe taratibu kabla ya kuivuta. Pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa. Ukijaza, inamwagika pembeni bila faida. Na mashine isikae sakafuni. Huko inavuta kila kinachofagiwa.

Kama inazimika kila printa ya leza inapoanza kutoa karatasi, tatizo liko kwenye eksitensheni. Printa hiyo inavuta mamia ya wati kwa mkupuo ili kupasha rola zake, na volti zinashuka kwa kila kilichochomekwa hapo. Printa ipewe soketi yake ya ukutani, wala isichomekwe kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. UPS ya 650VA yenye betri nzima inaitosha kompyuta na skrini.

Pawa saplai ina kitufe cha kujipima nyuma, chenye taa ya kijani. Taa ikikataa kuwaka ilhali waya na soketi ni vizima, badilisha. Ikiwaka bado si ushahidi kamili, kwa sababu kipimo hicho hakiibebeshi mzigo. Pima kwa mita ya volti mashine ikiwa kazini: waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Usiifungue pawa saplai yenyewe, kwani kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Betri ya CR2032 nayo inasingiziwa bure. Ikiisha inavuruga saa na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanzisha mashine), haizimi mashine iliyokwisha kuwaka.

Upungufu halisi ni mwingine: haimo kwenye orodha ya mashine zinazokubalika rasmi kwa Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Lipangie hilo kabla ya kulipa. Na hapo dukani, omba kifuniko kifunguliwe uone hitisinki, kisha iachwe ikicheza video kwa nusu saa huku HWMonitor ikiwa wazi.